Jinsi ya Kufuatilia Ukoo wa Walowezi Waliohamia Magharibi ya Marekani: Kaunti, Ardhi na Majirani

Abraham Lincoln, rais wa 16 wa Marekani, alipigwa risasi mwaka 1865 huku watu wakiendelea kunong'ona kwamba wazazi wake hawakufunga ndoa. Mnong'ono ulikuwa na sababu. Waliotafuta cheti cha ndoa walikwenda Kaunti ya Hardin, Kentucky, kwa kuwa ndiko familia ilikoishi na ndiko Lincoln alikozaliwa. Hawakukuta kitu. Karatasi ya ndoa ilikuja kuonekana baada ya kifo chake, kwenye makabati ya kaunti nyingine kabisa, Kaunti ya Washington, ambako bibi harusi alikuwa akilelewa na jamaa zake. Karatasi haikupotea hata siku moja. Watafutaji ndio waliopotea.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu asilimia kubwa ya kazi hii iko humo. Familia zilizohama kutoka pwani ya Atlantiki kuelekea magharibi ziliacha karatasi nyingi kuliko unavyodhani, ila ziliziacha njiani, kila kituo na makabati yake. Ukijua kusoma njia, karatasi utazipata.

Mimi niliingia humu kwa ndoa. Mke wangu ni mtu wa Indiana, na watoto walipofika umri wa kuuliza, upande wa Tanga niliwajibu kwa mdomo hadi kizazi cha sita. Upande wa mama yao hakuna aliyevuka cha tatu. Nikavaa miwani. Humu ndani nitatumia sana ukoo wa Lincoln kama mfano, maana nyaraka zake ziko wazi kwa kila mtu na safari yao ni ile ile ya maelfu ya familia maskini: Massachusetts, New Jersey, Pennsylvania, Virginia, Kentucky, Indiana, Illinois.

Hatua ya 1: Anza na walio hai, panda ngazi moja moja

Usianzie kwa mzee aliyeshuka melini miaka ya 1600. Anza na mtoto wako, kisha mzazi, kisha babu, kisha baba wa babu. Kila ngazi iwe na karatasi kabla hujapanda nyingine. Ulizia Biblia ya familia, barua, picha zilizoandikwa nyuma, kadi za mazishi.

Biblia ya familia ndiyo hazina, lakini ina mtego wake. Mama mkwe aliponitolea ya kwao, nilianza kunakili tarehe za kuzaliwa kuanzia mwaka 1796, nikifurahi. Jioni nikafungua ukurasa wa jina la kitabu: kimechapishwa 1858. Majina kumi na moja ya mwanzo yalikuwa yameandikwa kwa wino mmoja na mkono mmoja. Maana yake mtu alikaa siku moja, miaka sitini baadaye, akaandika anachokumbuka. Tarehe kama hizo si za kutupa, ila zipe uzito wa simulizi. Kwa hiyo kila Biblia unayopewa, piga kwanza picha ya ukurasa wenye mwaka wa uchapishaji.

Hatua ya 2: Sensa, na jinsi ya kuisoma kama ramani

Marekani imehesabu watu kila miaka kumi tangu 1790. Sensa zinafunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, na ya mwisho kufunguliwa ni ya 1950, iliyotoka Aprili 2022. Unaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya FamilySearch, inayoendeshwa na kanisa la Wamormoni. Unajiandikisha tu kwa barua pepe. Tovuti ya Ancestry ni ya kulipia, lakini maktaba nyingi za umma Marekani zinakuruhusu kuitumia bure ukiwa ndani ya maktaba.

Shoka la kazi hii ni sensa ya 1850. Ndiyo ya kwanza kumtaja kwa jina kila mtu huru ndani ya kaya, umri wake na jimbo alikozaliwa. Tuseme umekuta Iowa kaya hii ya 1850: baba miaka 41, kazaliwa Virginia, mama 38, Kentucky, kifungua mimba 17, Kentucky, wa pili 14 na wa tatu 11, wote Indiana, wa nne 6, Illinois, kitindamimba miaka 2, Iowa. Hapo umeshikishwa ramani. Ndoa itafute Kentucky, mwaka 1832 au karibu na hapo. Walihamia Indiana kati ya 1833 na 1836. Waliingia Illinois baada ya 1839 na kabla ya 1844, na Iowa kabla ya 1848. Hujafungua karatasi nyingine yoyote, na tayari una majimbo manne ya kutafuta na miaka ya kutafutia.

Sensa ya 1880 inaongeza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, pamoja na mahali walikozaliwa baba na mama yake. Ya 1900 inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na idadi ya watoto ambao mama amezaa na walio hai. Ya 1890 usiisubiri: karibu yote iliharibika kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921.

Kabla ya 1850 mambo ni magumu. Kuanzia 1790 hadi 1840 anatajwa mkuu wa kaya peke yake, na wengine ni idadi tu katika safu za umri na jinsia. Usikate tamaa. Chora jedwali, safu moja kwa kila sensa, uone mvulana aliyekuwa chini ya miaka 10 mwaka 1810 anavyosogea safu hadi safu, kisha anapotoweka: ameoa, amehama au amekufa. Na kama ukoo wako ulipitia Kentucky mapema, sensa zake za 1790 na 1800 hazipo. Badala yake tumia orodha za kodi. Kentucky ilianza kuziandika ilipopata ujimbo mwaka 1792, karibu kila mwaka, hivyo ni bora kuliko sensa: unaona mwaka mtu alipoanza kulipa, mwaka alipopata farasi wa pili, na mwaka jina lilipokatika.

Jambo moja usilipite haraka. Kaya nyingi za walowezi waliotoka Virginia na Carolina zilihama na watumwa, nao walitembea njia ile ile, mara nyingi kwa miguu. Orodha maalumu za watumwa za 1850 na 1860 zinataja umri, jinsia na rangi chini ya jina la mwenye mali. Majina yao karibu hayamo kabisa. Wazao wao wengi wanakutana na jina la babu yao kwenye sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870. Ukiwa unafuatilia ukoo wa Wamarekani Weusi, panda mpaka 1870, kisha tafuta nyaraka za Ofisi ya Watu Walioachwa Huru ya miaka ya 1865 hadi 1872, kisha wosia na mirathi za familia zilizowamiliki, maana humo watu waligawiwa kwa majina.

Hatua ya 3: Jua kaunti ilikuwa ipi mwaka ule

Hapa ndipo wengi huzama. Kaunti ndiyo iliyotunza ndoa, mirathi, mauzo ya ardhi na kesi. Na kaunti za magharibi zilikuwa zinazaana kama sungura: watu wakiongezeka, kaunti inakatwa, makao makuu mapya yanajengwa, lakini madaftari ya zamani yanabaki kwa mama yake.

Angalia Lincoln. Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika Kaunti ya Hardin. Mahali hapo leo ni Kaunti ya LaRue, iliyoundwa 1843. Familia ilivuka mto Ohio kuingia Indiana Desemba 1816, ikatua Kaunti ya Perry. Mwaka 1818 eneo hilo likawa Kaunti ya Spencer. Hawakuhama hata hatua moja, lakini kaunti yao ilibadilika. Panda juu zaidi: babu yake, aliyeitwa pia Abraham, alipata ardhi Kentucky miaka ya 1780, wakati Kentucky yote ilikuwa bado sehemu ya Virginia. Kwa hiyo hata jimbo la kutafuta linabadilika.

Dawa yake ni ramani ya kihistoria ya mipaka ya kaunti iliyoandaliwa na maktaba ya Newberry ya Chicago, iliyoko mtandaoni bure. Unaweka tarehe, inakuonyesha mipaka ya siku hiyo. Kabla sijaandika barua kwa karani yeyote, huifungua kwanza. Ni dakika mbili.

Hatua ya 4: Ardhi

Watu hawa walihama kwa ajili ya ardhi, hivyo ardhi ndiyo iliyoandikwa kwa uangalifu kuliko kuzaliwa na kufa. Usajili wa vizazi na vifo wa jimbo zima ulichelewa mno magharibi. Missouri, kwa mfano, ulianza 1910. Lakini shamba la 1817 lina karatasi.

Kuna mifumo miwili. Katika makoloni 13 ya asili na majimbo yaliyotokana nayo, kama Kentucky na Tennessee, shamba lilipimwa kwa miti, mawe na vijito: kutoka mwaloni mweupe hadi kona ya jirani fulani. Vipande vilipandana, mashauri hayakwisha. Thomas Lincoln, baba yake rais, aliandamwa na migogoro ya hati za mashamba yake Kentucky, na mwanawe aliandika baadaye kwamba waliondoka kwa sababu ya utumwa kwa sehemu, ila hasa kwa sababu ya ugumu wa hati za ardhi. Faida kwako ni kwamba maelezo hayo yanataja majirani kwa majina.

Kaskazini ya mto Ohio, kwa sheria ya 1785, serikali ilipima nchi kwa miraba kabla ya kuiuza. Mraba mkubwa, uitwao township, una maili 6 kila upande na seksheni 36. Seksheni moja ni ekari 640. Thomas Lincoln alikwenda ofisi ya ardhi ya Vincennes, Oktoba 1817, akaandikisha robo ya kusini-magharibi ya seksheni 32, Township 4 Kusini, Range 5 Magharibi. Anwani kama hiyo soma kutoka mwisho kurudi mwanzo: kutoka mstari mkuu wa kaskazini-kusini hesabu miraba mitano kwenda magharibi, kutoka mstari wa msingi hesabu minne kwenda kusini, ndani ya mraba huo tafuta seksheni ya 32, kisha chukua robo yake ya chini kushoto. Ekari 160. Bei ilikuwa dola 2 kwa ekari, kwa mkopo, na mzee hakuweza. Mwaka 1827 alirudisha nusu na kumaliza kulipia ekari 80. Ndani ya karatasi hiyo moja umeona umaskini, miaka kumi ya kuhangaika, na mahali kamili pa nyumba.

Hati za kwanza za serikali zimewekwa mtandaoni bure na Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi ya Marekani. Andika jina na jimbo, utaona picha ya hati. Usiishie hapo. Nyuma ya hati kuna jalada, nalo linaagizwa kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. La ununuzi wa fedha taslimu huwa jembamba. Lakini la mtu aliyechukua ekari 160 kwa sheria ya 1862, iliyomtaka akae na kulima miaka mitano, lina ushahidi wa majirani, ukubwa wa nyumba, idadi ya watoto, na kwa mhamiaji, karatasi za uraia. Majalada ya Oregon ya sheria ya 1850 ni tunu: mume na mke walipewa hadi ekari 640, nusu kwa jina la mke, hivyo ilibidi waeleze tarehe na mahali walipooana. Mama aliyevuka maili 2,000 kwa gari la maksai, na ambaye hana karatasi nyingine duniani, humo ana jina lake.

(Na tusijifanye hatujui: ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Nyuma ya kila ofisi ya ardhi kuna mkataba au vita na mataifa ya Wenyeji. Babu yake Lincoln aliuawa shambani mwaka 1786 katika mapambano hayo hayo.)

Hatua ya 5: Ndoa, wosia, mirathi

Turudi kwenye ile karatasi ya Kaunti ya Washington. Ni hati ya dhamana ya ndoa ya tarehe 10 Juni 1806. Bwana harusi na mdhamini walikuwa wakiahidi kulipa fedha endapo ndoa itakuwa na kizuizi cha kisheria. Walioweka sahihi ni Thomas Lincoln na Richard Berry, na Berry ameandikwa kuwa mlezi wa bibi harusi, Nancy Hanks. Ndoa yenyewe ilifungwa tarehe 12 Juni na mhubiri Jesse Head. Msomaji wa haraka anachukua tarehe na kuondoka. Wewe mshike mdhamini. Mara nyingi alikuwa ndugu wa bibi harusi: baba, kaka, mjomba au mlezi. Ukimfuata Berry unafika nyumbani alikokuwa Nancy, na unaelewa kwa nini ndoa haikuandikwa Hardin. Na tarehe ya hati ya dhamana usiiite tarehe ya ndoa. Ni kosa la kila siku.

Mirathi ni tamu zaidi ya wosia. Mtu akifa bila wosia mahakama inateua msimamizi, mali inaorodheshwa, mnada unafanyika, na kila mnunuzi anaandikwa: mjane kanunua kitanda, kijana kanunua tandiko. Hao ndio jamaa. Ila jua sheria ya wakati ule. Babu Abraham alipouawa, Virginia ilikuwa bado inampa mtoto wa kiume wa kwanza ardhi yote ya marehemu asiye na wosia. Mordecai, kifungua mimba wake, akarithi. Thomas, mdogo, akabaki kibarua. Ukikuta mtoto mmoja tajiri na mwingine hana kitu, usihitimishe kwamba si ndugu.

FamilySearch sasa ina utafutaji wa maandishi yote, ambapo kompyuta imesoma mwandiko wa mkono wa mamilioni ya kurasa za mauzo ya ardhi na mirathi. Jina la shahidi lililojificha ukurasa wa 412 linaibuka. Jaribu tahajia zote: babu Lincoln ameandikwa Linkhorn kwenye karatasi za ardhi. Karani aliandika alichosikia.

Hatua ya 6: Wafuate majirani

Hakuna aliyehama peke yake. Mwaka 1817 akina Sparrow, jamaa wa Nancy, waliwafuata akina Lincoln Indiana wakiwa na kijana Dennis Hanks. Mwaka 1830 walipokwenda Illinois, zilisafiri familia tatu pamoja: Lincoln, Hanks na Hall. Kwa hiyo babu yako akipotea, chukua majirani kumi wa juu na kumi wa chini kwenye sensa, hasa wenye majina yasiyo ya kawaida, uwatafute miaka kumi nyuma. Mmoja akionekana kaunti fulani ya Carolina, fungua madaftari ya kaunti hiyo.

Njia nazo zilikuwa chache. Waliotoka Pennsylvania kushuka bonde la Shenandoah hadi Carolina walifuata Barabara Kuu ya Magari ya Kukokotwa. Kentucky iliingiwa kupitia Cumberland Gap, njia iliyofunguliwa na Daniel Boone 1775, au kwa mashua za mto Ohio. Watu wa New York na New England walipata mteremko mfereji wa Erie ulipofunguliwa 1825. Mtu wa Michigan aliyezaliwa 1828 mwulizie kwanza New York.

Makanisa yalitoa barua za uhamisho. Wabaptisti walifanya hivyo. Thomas Lincoln alipokelewa kanisa la Pigeon Creek mwaka 1823 kwa barua. Lakini mabingwa ni Quaker, ambao waliandika cheti cha kila familia inayohama, kikitaja mkutano wa mwezi (ndivyo wanavyouita usharika wao) wanaotoka na wanaokwenda, na watoto wote. Wengi wao walihama North Carolina kwenda Ohio na Indiana kwa kuchukia utumwa. Wasomaji wa Vihiga wanalijua kanisa hilo: wamishonari wake kutoka Marekani ndio waliofika Kaimosi mwaka 1902.

Pensheni za vita vya uhuru, hasa chini ya sheria za 1818 na 1832, na za wajane kuanzia 1836, zina wazee wakieleza kwa kiapo walikozaliwa na kila walikoishi. Wajane walichana kurasa za Biblia wakaziambatanisha, nazo zingalipo.

Hatua ya 7: Usiamini mti wa mtu mwingine

Nilipoteza miezi mitatu Kaunti moja ya Ohio kwa sababu mti mmoja mtandaoni ulimwunganisha babu wa mke wangu na tajiri mwenye jina hilo hilo. Ulikuwa umenakiliwa mara themanini na zaidi, nikadhani wengi hawakosei. Orodha za kodi zilinionyesha watu wawili, mwaka mmoja, kaunti mbili. Miti ichukulie kama tetesi za barazani.

Jihadhari pia na maneno ya udugu. Kiingereza cha zamani kina udugu mwepesi kuliko Kiswahili chetu. Neno walilotumia kwa binamu lingeweza kuwa mpwa. Neno la mama mkwe lingeweza kumaanisha mama wa kambo. Na alama za Sr. na Jr. hazikuwa lazima baba na mwana: zilitofautisha mkubwa na mdogo wenye jina moja mtaani, na mkubwa akifa, mdogo alipanda cheo.

Vipimo vya kawaida vya vinasaba vinasaidia vizazi vitano hivi vya karibu, kisha vinafifia. Vitumie kuthibitisha karatasi.

Kwa kila dai andika mstari mmoja: nani kasema, lini, alijuaje. Weka na ulikotafuta ukakosa, usije ukarudia baada ya mwaka.

Ukiandika kwa karani wa kaunti, omba kitu kimoja kwa barua: majina mawili, miaka mitano ya kutafuta, daftari gani, na uulize ada kabla. Barua ndefu yenye historia ya ukoo hukaa chini ya rundo. Na siku ukipata anwani ya shamba, ipeleke kwenye ramani ya leo na uende. Piga simu kwanza kwa mwenye shamba, maana makaburi mengi ya familia yako ndani ya mashamba ya mahindi ya watu. Nenda Machi, nyasi zikiwa chini, na beba maji safi na brashi laini. Usisugue jiwe kwa dawa yoyote. Maandishi yaliyofifia yanasomeka jua likiwa limeinama, asubuhi au jioni, ukisimama na kioo pembeni ya jiwe kurudisha mwanga juu yake.